Sabuni Isichongwe Mashua

Elisabethville, Jumanne tarehe 9 Machi 1954

Kwa Mama Mkuu wa Shule ya Wasichana,
kupitia kwa mlinzi wa lango, Mzee Antoine

Mama Mkuu mheshimiwa,

Yambo sana. Natumaini Kwaresima imewakuta masista wote na afya njema, na kwamba mvua ya juzi haikuingia darasa la nne kama ilivyoingia nyumbani kwangu. Mimi ni Anaclet Mumba, baba yake Delphine, yule mwembamba anayekaa kwenye benchi la dirishani. Kazi yangu ni kupima mizigo katika ghala la gari-moshi. Huu ni mwaka wa kumi na moja ninasimama kando ya mizani ile ile, na sijawahi kumwandikia mkubwa yeyote barua ya kulalamika. Ndiyo maana utaona nimeanza mara tatu na kufuta.

Barua hii si ya hasira. Marehemu mke wangu Angélique alikuwa akisema kwamba hasira yangu ikifika, watu wote huwa wameshakwenda kulala. Ninalalamika kwa utaratibu tu, tena juu ya jambo moja: beseni la maji ambalo Mwalimu Virginie aliliweka darasani Alhamisi iliyopita. Naomba uisome barua hii mpaka mwisho, maana mambo yalianzia kwenye chumvi na sasa yamefika mahali ambapo mimi peke yangu siwezi kuyazuia, na keshokutwa yatazidi. Ombi langu kubwa nalitaja mapema ili usihangaike kulitafuta. Sabuni ya marehemu mke wangu isichongwe mashua.

Kwanza nieleze yaliyotokea, kama nilivyosimuliwa na Delphine mwenyewe, na kuthibitishwa na Martine, mwenzake wa darasa, ambaye ni binti wa jirani yetu Mama Chileshe.

Jumatano Mwalimu aliwaagiza wasichana walete kutoka nyumbani vitu vitatu: kimoja wanachojua kitaelea, kimoja wanachojua kitazama, na kimoja ambacho hawajui. Tena kila mmoja alete chumvi kidogo mkononi. Hakusema ni ya nini. Delphine alichukua kizibo cha chupa kwa ajili ya kuelea. Kwa ajili ya kuzama alichukua msumari wa reli ambao mimi hutumia kuzuia mlango, na tangu siku hiyo mlango wetu unajipiga wenyewe. Kwa kitu cha tatu aliizunguka nyumba nzima. Nyumba yetu ni ya vyumba viwili na kila kilichomo kinajulikana. Mwishowe alipanda juu ya kiti, akafungua kabati, akatoa kitambaa cheupe, na ndani ya kitambaa sabuni ya mama yake. Nilipomwuliza baadaye kwa nini alichagua hiyo, alinijibu bila kuogopa: "Baba, hii hakuna muntu anaigusaka. Basi hakuna muntu anaijua."

Darasani vizibo vilielea na misumari ikazama, na mpaka hapo sina lalamiko. Ikafika zamu ya Delphine. Sabuni ilishuka taratibu mpaka chini ya beseni, ikalala. Wasichana wakapiga makofi. "Ya Delphine inakufa mu mayi! Inakufa!" Mwalimu hakuwagombeza. Aliwaambia walete chumvi. Wakapita mmoja mmoja, kila mmoja akamwaga yake, Mwalimu akikoroga polepole kwa fimbo ya ubaoni. Martine anasema walikuwa wasichana thelathini na mmoja, na mpaka wa ishirini na sita sabuni ilikuwa bado imelala. Wa ishirini na saba, ikatikisika. Wa ishirini na tisa, ikasimama kwa ncha moja kama mtu anayejiuliza. Halafu ikapanda mpaka juu. Hapo Delphine alipiga kelele ambayo, kwa habari nilizopata, ilifika jikoni kwenu: "Inapanda! Mwalimu, inapanda yenyewe!"

Baada ya hapo Mwalimu aliwafundisha kwamba uzito si neno la mwisho. Kitu kizito kinaweza kuelea kikiwa kimechukua nafasi ya kutosha majini, na maji yenyewe yanaweza kufanywa mazito kwa chumvi. Sijui kama maneno hayo yameandikwa katika kitabu cha serikali. Mimi nilimleta mtoto ajifunze kusoma, kuhesabu na kushona pindo. Kati ya hayo matatu, pindo bado linapinda.

Sasa malalamiko yangu nayaweka kwa namba.

1. Chumvi. Mwalimu alisema mkono mmoja, na mkono wa mtoto ni mdogo, hilo nalikubali. Lakini Delphine hakubeba kwa mkono, alibeba kwa kopo. Posho yetu hutolewa Jumamosi. Alhamisi na Ijumaa tulikula ugali wa bukari na mboga ya sombe isiyo na chumvi hata punje. Mama Chileshe, ambaye hupika nasi uani, alionja akaweka kijiko chini kwa heshima. Alidhani nimeamua kufunga Kwaresima kuliko parokia nzima. Nilipomweleza ukweli alishika kiuno akacheka. "Baba Delphine, mayi ya masomo inakula chumvi kuliko bantu?" Kama wewe unalo jibu, Mama Mkuu, naomba unipatie, maana ananiuliza kila siku, isipokuwa siku mbili ambazo nitazieleza katika namba ya tatu.

2. Kazi yangu. Kwenye mizani kilo ni kilo. Hatumwulizi mtu mzigo wake una umbo gani wala unajisikiaje. Lakini Alhamisi hiyo, mezani, Delphine alininyooshea kijiko. "Baba, uzito peke yake haisemi kitu. Lazima uulize ule muzigo inakamata nafasi gani." Kosa langu ni kwamba nilimsimulia mwenzangu Godefroid, anayepima kwenye mlango wa pili. Godefroid ni mtu wa Kasomeno, na watu wa barabara ile ya Kasenga wakipata mzaha huusafirisha kama samaki mkavu, unafika kila mahali na harufu yake. Kesho yake asubuhi aliniita mbele ya foleni nzima: "Mumba, leta beseni! Leo tunapima mizigo mu mayi! Kitu ikikamata nafasi mingi haiko nzito!"

Watu walicheka, ila mama mmoja aliyekuwa na godoro la sufi. Yeye alisikiliza. Zamu yake ilipofika alilikumbatia godoro lake, akakataa lisiwekwe kwenye mizani. "Miye nasikia mwenyewe mulisema kitu ikikamata nafasi mingi haiko nzito. Angalia hii godoro, inakamata nafasi ya bantu wane. Basi haiko nzito. Tunapimia nini?" Nilijaribu kumweleza kwamba hayo ni mambo ya majini. Akaniuliza kama hapa ghalani kuna maji. Nikasema hapana. Akasema basi niache kuyaleta. Mama Mkuu, foleni ilimuunga mkono. Nililipima godoro lile huku watu wanaambiana kwamba mizani ya Mumba haijasoma.

3. Vitu vya nyumbani. Tangu Alhamisi kila kitu kinachoingia kwetu hupitia ndooni kabla ya kufika mezani. Sasa ninajua, bila kutaka, kwamba kiazi kitamu huzama na kitunguu huelea. Ninajua kwamba rozari yangu haina msimamo, kwa sababu shanga zake za mti zinataka kubaki juu na msalaba wake wa shaba unazivuta. Saa yangu ya kengele ilizama. Delphine anasema ilizama vizuri sana. Jana Jumatatu nilichelewa kazini kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na moja, na nilipoulizwa sababu nilisema ukweli, na ukweli haukusaidia.

Lakini kibaya zaidi ni mayai. Ijumaa Mama Chileshe, kwa kutuonea huruma, alituletea mayai matano. Delphine aliyatia ndooni. Mawili yalizama, matatu yakaelea. Kumbe yai jipya huzama, na yai lililokaa sana huelea kwa sababu limeingiwa na hewa. Mtu mwenye adabu angeyajua hayo akanyamaza. Delphine alivuka uani na ndoo yake, akamwonyesha Mama Chileshe mbele ya wanawake waliokuwa wakiteka maji bombani, akamweleza kila kitu kwa sauti ya darasani. Mama Chileshe hakutusemesha mpaka Jumapili jioni. Hizo ndizo siku mbili nilizozitaja.

Katika namba hii hii inanipasa kukiri jambo, maana sipendi ulisikie kwa Martine. Nami nilijaribu. Nilichukua kifuniko cha sufuria, ambacho ni bati tupu na kinajulikana kuwa bati, nikakiweka juu ya maji. Kikakaa. Nilikitazama kitambo. Halafu nikakisukuma ukingoni kwa kidole ili kizame na nyumba ipate amani. Delphine alikuwa nyuma yangu. "Baba, unadanganya mayi," akasema.

4. Dini. Jumapili baada ya misa, kwenye katekisimu, Mupe, padri wetu, aliwasimulia watoto habari za Petro kushuka mashuani na kutembea juu ya ziwa. Delphine akanyoosha mkono akauliza kama Bwana wetu alikuwa ametia chumvi ziwani kwanza. Nilikuwa nimesimama pembeni na kofia mkononi. Nilitegemea Mupe amkemee. Badala yake aliketi kwenye ngazi ya kanisa, akavua miwani, akacheka mpaka akalazimika kuifuta. Halafu akamwambia kwamba ni swali zuri, na kwamba ingehitajika chumvi nyingi mno, na kwamba pengine ndiyo sababu Petro aliogopa. Sasa mtoto anaamini kwamba Kanisa na Mwalimu Virginie wako upande mmoja. Nimebaki peke yangu.

5. Maua yenu. Hili halinihusu, lakini nikilinyamazia nitakuwa nimeficha. Maji yale ya chumvi yalimwagwa kwenye maua ya manjano chini ya dirisha la darasa la nne. Kama masista wamekuwa wakijiuliza kwa nini yameinamisha vichwa tangu Ijumaa, sababu ni hiyo. Mzee Antoine asilaumiwe, alimwagilia kama kawaida.

6. Kelele. Nyumba yetu ilikuwa imetulia. Kwa miezi kumi na minne mimi na Delphine tulikula bila kusumbuana. Nilisema, "Umekula?" Naye alisema, "Nimekula." Maneno hayo yalitutosha mpaka kesho yake. Sasa haiwezekani tena. Anauliza kwa nini mashua za Wazungu kule ziwani Karavia hazizami nazo zina vyuma. Anauliza kama mtu mnene huelea kuliko mwembamba, na anamtazama Godefroid akija kututembelea. Anauliza bukari ikiwa bado mdomoni. Jumamosi, akiwa anaosha sufuria, alicheka peke yake kwa jambo ambalo hakuniambia, na Martine akachungulia juu ya ukuta kuuliza mgeni wetu ni nani.

Mimi nimezoea kimya, Mama Mkuu. Si rahisi kwa mtu wa umri wangu kunyang'anywa kimya chake bila taarifa.

7. Sabuni. Hapa naomba usome polepole.

Angélique alitutoka Januari mwaka jana kwa homa ya siku nne. Kwa desturi yetu, ndugu za marehemu huja kuchukua vitu vyake. Walikuja kutoka Bukama, watu wema, wakakaa nasi siku sita. Walichukua vitenge vyake, sufuria mbili, jembe, mkeka, hata kitana. Sikunung'unika, ni haki yao. Dada yangu alipofariki kule kwa shemeji, mimi nami nilikwenda nikarudi na mwiko na taa. Lakini hakuna mtu anayerithi sabuni iliyokwisha kutumika. Dada yake mkubwa aliishika, akainusa, akairudisha dirishani. Hivyo ndivyo ilivyobaki kuwa yangu.

Ni sabuni ya posho, ya mawese, iliyokuwa imefika nusu. Angélique alifanya kila kazi kwa mkono wa kuume isipokuwa kufua. Kufua alitumia mkono wa kushoto, nami katika miaka kumi na miwili sikuwahi kumwuliza kwa nini. Nilidhani nafasi ya kuuliza ipo tu. Upande mmoja wa sabuni una shimo dogo, mahali kidole gumba chake kilipokuwa kikikaa. Cha kwangu hakiingii sawasawa, ni kinene. Alikuwa akiinua shati langu la kazi juani, analigeuza, analigombeza kana kwamba ndilo lililotoka jasho: "Hii jasho ya mizani inakatala kutoka!" Halafu anagandamiza tena.

Siku chache kabla ya somo sabuni ilikuwa na gramu 112. Usiniulize kwa nini mtu anapima sabuni. Mpimaji hupima. Jumamosi, ilipokwisha kukauka, niliipeleka kazini katika mfuko wa koti nikaiweka kwenye mizani ya vifurushi. Gramu 105. Gramu saba zimebaki majini. Tena ukingo wa lile shimo umelainika.

Yote haya ningeyavumilia, kwa kuwa yamepita. Lakini Mwalimu amewatangazia kwamba keshokutwa Alhamisi watajenga mashua. Kila msichana atachukua kitu chake kilichozama, au kingine cha namna hiyo, na kukipa umbo litakalokifanya kielee katika maji matupu, bila chumvi. Wenye bati watakunja bati. Wenye udongo watafinyanga udongo. Kinachotakiwa ni kukitia kitu tumbo la wazi ndani, ili kichukue nafasi zaidi bila kuongeza uzito. Delphine anataka kuichonga sabuni. Tayari ameichora kwa penseli, mbele na nyuma. Nilimwambia hapana, na sikupaza sauti. Naye hakulia, jambo ambalo lingekuwa rahisi kwangu. Aliweka kidole chake mahali pa kidole cha mama yake. Cha kwake kinaingia. "Mama alianzaka kuchonga, baba," akasema. "Miye nitamaliza tu."

Hapo ndipo nilipotafuta karatasi ya barua.

Kwa sababu hizo zote naomba Alhamisi hii darasa la nne lishone pindo. Kama haiwezekani, na mashua ni lazima zijengwe, basi zijengwe za karatasi, ambayo haijawahi kuwa ya mtu. Kama hata hilo haliwezekani, Delphine apewe udongo, nami niko tayari kuuleta mwenyewe, hata mfuko mzima, kutoka kwenye kichuguu kilicho nyuma ya ghala, ambacho watu wa matofali wanakisifu sana.

Halafu kuna zile gramu saba. Katika kazi yangu, kitu kikitoka kwenye mizani lazima kiwe mahali fulani. Hakipotei, kimehama. Gramu saba za sabuni ile zilihamia kwenye maji ya beseni, kwa hiyo naomba maji yale. Nitakuja na chupa zangu. Ninajua kwamba yalimwagwa, nimeeleza mwenyewe katika namba ya tano. Basi naomba udongo wa chini ya dirisha, kiasi cha ndoo moja. Na kama masista wanauhitaji udongo huo kwa ajili ya bustani, naomba nipewe maua yenyewe, maana yatakuwa yamekunywa. Hata yakiwa makavu nitayapokea. Sitasumbua mtu, nitasubiri nje ya lango.

Simwombei Mwalimu Virginie adhabu. Nimemwona mara mbili, ni binti mwenye heshima, na alipojua sabuni ilikuwa ya nani alikuja mpaka kwetu Ijumaa jioni, akasimama uani bila kutaka kiti, akasema, "Baba Delphine, sikujua. Ningejua ningekuuliza kwanza." Nilimwambia si kitu. Hilo halikuwa kweli, na ndiyo maana nakuandikia wewe. Naomba tu aelezwe kwa upole kwamba kuna vitu ambavyo vikishuka chini huachwa vilale. Asivitafutie chumvi.

Unisalimie masista wote, na hasa yule wa jikoni aliyeshtuliwa na kelele za mwanangu. Unisalimie wasichana thelathini na mmoja wa darasa la nne, pamoja na wa ishirini na tisa kwa zamu, ambaye sijui jina lake. Msalimie Mzee Antoine, umwambie mguu wake aukande kwa maji ya moto. Mama Chileshe naye anakusalimu, anasema mayai yaliyobaki kwake yote yanazama. Godefroid anataka kujua kama shule inapokea watu wazima, lakini huyo usimjibu.

Ni mimi niliye chini ya heshima yako, baba wa mtoto mmoja,

Anaclet Mumba
mpimaji wa mizigo

Nyongeza. Nilikuwa nimeshatia barua hii katika bahasha nikaenda kuirudisha sabuni mahali pake. Ndani ya mlango wa kabati nina maandishi ya penseli ambayo sikukutajia. Nilianza kuipima wiki ile ndugu zake walipoondoka. Siku hiyo ilikuwa gramu 148. Pasaka, 133. Watakatifu Wote, 118. Kabla ya somo, 112, hiyo unaijua. Kila mara niliandika tarakimu, nikafunga kitambaa, nikafunga mlango. Sijui kwa nini sijawahi kuzisoma zote pamoja, kuanzia juu kwenda chini, mpaka leo. Hakuna aliyeigusa. Haikuona tone la maji. Mikononi mwa Mwalimu Virginie imepoteza gramu saba. Mikononi mwangu, ikiwa imefungwa vizuri, thelathini na sita. Nimezirudia hesabu mara mbili, halafu nikamwita Delphine azirudie, akapata vile vile.

Kwa hiyo Alhamisi atakuja nayo. Barua naituma kama ilivyo, kwa kuwa sina karatasi nyingine, tena lile la mayai bado ni kweli. Nimemnolea kisu kidogo. Anachonga kwa mkono wa kushoto, asikatazwe. Kama baba anaruhusiwa kusimama mlangoni wakati mashua inawekwa majini, nitaomba ruhusa kazini, na sitakaa mbele ya watoto. Vipande vitakavyoanguka wakati wa kuchonga naomba visitupwe. Avifunge katika karatasi, avilete nyumbani. Tutaogea.